Kiboko Hufundisha Nini

Katika saikolojia ya kujifunza, adhabu ni tokeo linalofuata tendo na kulipunguza. Kiimarishi ni tokeo linalolizidisha. Kujifunza kwenyewe huelezwa kuwa badiliko la tabia litokanalo na uzoefu. Maana hizi hufundishwa katika vyuo vya ualimu na hazina mgogoro mkubwa.

Mgogoro uko shuleni. Mto Mkondoa ukifurika, mtoto wa Kilosa aishiye ng'ambo hufika darasani jua limeshapanda, sare imelowa hadi magotini, akapokewa kwa fimbo. Kanuni za elimu za Tanzania zinaruhusu viboko, lakini kwa makosa mazito na kwa idhini ya mwalimu mkuu. Hapa linaadhibiwa tendo gani? Mtoto hakuujaza mto, na ukijaa tena atachelewa tena. Hakuna kilichopungua, kwa hiyo kwa maana ya wanasaikolojia hiyo hata adhabu si. Ni maumivu yaliyoambatishwa na shule, kama mbwa wa Ivan Pavlov walivyotokwa mate kwa dalili tu ya chakula.

Utetezi wa fimbo unajulikana: "Sisi tulichapwa, na tumekuwa watu." Hoja hii inaudhi kwa sababu inasemwa kana kwamba imemaliza mjadala. Kwanza, inawahesabu waliobaki tu. Walioacha shule wakaishia kuuza mahindi ya kuchoma kwenye mabasi hawaitwi kutoa ushahidi. Pili, huyo aliyekuwa mtu alikuwa pia na mama aliyemuuliza alichosoma na mwalimu aliyemsifu; kwa nini sifa zote zipewe fimbo? Tatu, mwanasaikolojia Edward Thorndike, aliyeamini awali kwamba adhabu hufuta tendo kama tuzo inavyolijenga, aliiacha nusu hiyo ya kanuni yake miaka ya 1930. Mwaka 1938 B. F. Skinner alieleza panya waliopigwa miguu walipobonyeza kibonyezo: walipunguza kubonyeza kwa muda, lakini mwishowe walibonyeza sawa na wenzao ambao hawakupigwa. Nne, watoto wa jaribio la Albert Bandura la 1961 walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere, nao wakampiga. Aliyechapwa akakua akachapa amejifunza kweli, ila si somo lililokusudiwa.

Kwamba mwalimu mmoja mbele ya darasa lililofurika anahitaji utulivu, hilo ni kweli.

Lakini utulivu hausemi mtoto amejifunza nini, na kwa swali hilo nyani wa Hifadhi ya Mikumi wanastahili kutazamwa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakata hifadhi kwa takribani kilomita 50, na nyani huketi ukingoni wakingoja mabasi. Moja hutupa ganda la ndizi, mengi hupita bila kutupa kitu. Tuzo isiyotabirika namna hiyo ndiyo hufanya tabia iwe ngumu kufa. Mtoto wa nyani aliyening'inia chini ya tumbo la mama yake hajaonja ganda lolote, lakini anaona. Je, ameshajifunza? Panya wa mwanasaikolojia Edward Tolman walizurura katika vichochoro bila kupewa chakula, na kilipowekwa wakakifuata kana kwamba njia waliijua siku nyingi. Ikiwa ujuzi unaweza kukaa bila kuonekana, kueleza kujifunza kwa tabia pekee hakutoshi, na hapo wapinga fimbo nao wanabanwa: mtoto aliyenyamaza darasani huenda ameshika hesabu, huenda ameshika woga, huenda vyote viwili. Tolman alipata jibu kwa kubadilisha mazingira na kungoja. Shule inayotaka jibu kama hilo italazimika kuweka fimbo kando kwa muda wa kutosha, na muda huo unapaswa kuwa mrefu kiasi gani, jaribio la panya haliwezi kusema.