Someni Kabla ya Kupiga Makofi

Ndugu zangu wa Iramba na Mkalama, wa Ikungi na Manyoni, msikubali kuijua siasa kwa kofia na fulana tu! Kila msimu wa kampeni mnajaa uwanjani, mnaimba, mnashangilia, kisha mnarudi kwenye alizeti zenu bila kuuliza swali hata moja. Someni!

Anzeni na Kusadikika. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatawala na yeye mwenyewe akila mshahara wa serikali hiyo hiyo. Akabuni nchi inayoelea angani, akamsimamisha kizimbani kijana Karama, kosa lake kufundisha watu sheria. Anayemshitaki ni waziri, jina lake Majivuno. Karama hatukani wala hakimbii. Siku baada ya siku anawasimulia habari za wajumbe waliotumwa kutafuta maarifa, mashariki na magharibi, kusini na kaskazini, mbinguni na ardhini, na jinsi kila aliyerudi na jambo la kuifaa nchi alivyotupwa gerezani. Kitabu hiki msikipitie mbio. Kisomeni kwa sauti, mmoja asome, wengine wasikilize.

Mwaka 1967, ule ule wa Azimio la Arusha, Fortunatus Kawegere alituletea Shamba la Wanyama, tafsiri ya kitabu cha George Orwell. Tazameni nguruwe wanavyozigeuza amri zilizoandikwa ukutani, na wanyama wenzao, waliozisikia kwa masikio yao, wanavyoamini kwamba wamesahau wao. Hapo ndipo ninapoumia! Anayekupunja hana shida na hasira zako. Anaogopa kumbukumbu yako.

Wazee wetu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji wapo. Waulizeni, kisha fungueni Gamba la Nyoka cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1979. Yeye huyo ndiye aliyeandika Kaptula la Marx, tamthilia ya kejeli inayofaa kabisa kuigizwa na vijana wa sekondari.

Wala mtu asiwatishe kwamba kukosoa ni uasi. Mwalimu Nyerere aliandika Tujisahihishe mwaka 1962 akikikosoa chama alichokiongoza mwenyewe. Uzeeni akaandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akiwakemea waliokuwa madarakani. Kilichapishwa Harare.

Vitabu ni ghali, najua. Changishaneni mnunue nakala moja, izunguke kutoka nyumba hadi nyumba mpaka jalada lichakae. Walimu, msiishie kwenye maswali ya mtihani!

Kisha nendeni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inataka ukae kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele yenu nyote. Simama, mama. Simama, kijana. Uliza saruji ya zahanati ilinunuliwa mifuko mingapi, stakabadhi iko wapi, wala usikae mpaka ujibiwe.