Nilikuwa Namngoja Mwimbaji

Sijui nyumba hata moja ya Buyenzi, hapa Bujumbura, yenye piano. Vinanda vidogo vya umeme vipo, vya kukodiwa kwenye harusi, lakini piano yenyewe, lile sanduku zito la mbao lenye nyuzi tumboni, haina mlango wa kupitia katika nyumba zetu wala fundi wa kuirekebisha sauti. Sauti zetu ni nyingine. Barabara hizi zinazoitwa kwa namba huamshwa na adhana, zikapokewa na nyundo za mafundi wa magari, kisha zogo la soko la Ruvumera. Ukifika msimu wa maulidi, dufu. Redio ikiwashwa, inatoka rumba ya ng'ambo ya ziwa au taarabu ya pwani, na kote huko kuna mtu anaimba.

Ndiyo maana mpwa wangu anayeishi Ubelgiji aliponitumia muziki wa Ahmad Jamal kwenye simu, nilifanya kama afanyavyo yeyote aliyelelewa na taarabu: nikatulia, nikangoja ala zimalize utangulizi wao mwimbaji aingie. Dakika nane zikaisha, hakuingia mtu. Nikampigia kumwambia amenitumia nusu.

"Mjomba," akacheka, "ndiyo yote hiyo."

Wimbo wenyewe ni Poinciana, uliorekodiwa Januari 1958 katika hoteli ya Pershing, Chicago, mbele ya wateja. Wapigaji ni watatu tu: Jamal kwenye piano, Israel Crosby kwenye besi, Vernel Fournier kwenye ngoma. Sahani iliyotokana na rekodi hiyo ilikaa kwenye orodha za mauzo ya Marekani kwa zaidi ya wiki 100, jambo ambalo muziki wa jazi haukulizoea. Lakini mimi sikurudi kuusikiliza kwa sababu ya mauzo. Nilirudi kwa sababu ya jina. Jamal alizaliwa Pittsburgh mwaka 1930 akaitwa Frederick Russell Jones, na alikuwa bado kijana aliposilimu na kuchukua jina analojulikana nalo. Sahani ile ilipompa fedha, alifungua ukumbi wake Chicago, akauita Alhambra, na humo pombe haikuuzwa. Nilimsimulia jirani yangu mmoja ambaye kwake jazi na ulevi ni ndugu wa tumbo moja. Akafikiri kidogo, akauliza biashara ilikwendaje. Nikamwambia ukumbi ulifungwa baada ya muda mfupi.

"Unaona," akasema.

Nilipoacha kumngoja mwimbaji, ndipo nilipoanza kusikia. Fournier anashika mdundo mmoja na hauachii. Ni mdundo wa kutembea bila haraka, mwenye njaa hawezi kuuchezea. Jamal anaugusa wimbo mara mbili tatu, kisha anaondoa vidole, na sikio lako linamalizia lile aliloliacha. Wengine wanaojua piano hujaza kila nafasi kwa noti, na nimewasikia, mikono ina mbio za ajabu. Yeye anakuachia kazi. Kwa siku kadhaa nilikuwa najikuta barabarani nikikamilisha kipande ambacho hakukipiga.

Nimejiuliza kwa nini muziki huu umenishika nikiwa na umri huu, na nadhani nusu ya jibu iko hapa mjini. Sisi wa Bujumbura tumefundishwa kusikiliza maneno kwa tahadhari. Tunapima nani kasema, kasema kwa lugha gani, na kanyamaza wapi. Mwaka 2015 redio binafsi kadhaa za mji huu zilivamiwa na kuharibiwa kwa sababu ya maneno, na hata baadaye mtu aliposogeza redio sikioni, jirani aliangalia anasikiliza kituo gani. Piano ya Jamal haikuniuliza niko upande gani. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa nikasikiliza kitu kwa nusu saa nzima bila kukishuku.

Nilikuwa nimekwisha kuamua hivyo, kwamba huu ni muziki wa kupumzika kutokana na maneno, mpwa wangu aliponiletea Randy Weston.

Weston alikuwa mpiga piano wa Brooklyn, pande la mtu la zaidi ya mita mbili. Novemba 1960 aliingia studio New York na kundi kubwa, mipangilio ya muziki ikiwa ya Melba Liston, wakarekodi sahani inayoitwa Uhuru Afrika. Sehemu moja ni Uhuru Kwanza, nyingine ni Bantu, ya mwisho ni Kucheza Blues. Weston alitaka isikike lugha ya Afrika, akawauliza wanadiplomasia wa Kiafrika katika Umoja wa Mataifa, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Mshairi Langston Hughes aliandika shairi la uhuru, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga akalifasiri na kulisoma. Kwa hiyo mimi niliyengoja mwimbaji kwenye Poinciana, safari hii sikuwa nikimngoja mtu, na mtu akasema nami kwa lugha ya mama yangu.

Nilimpelekea muziki huo mzee mmoja, fundi mstaafu ambaye bado hushinda gereji akiwakosoa vijana. Piano aliielewa haraka kuliko mimi: nilipomweleza kwamba ndani yake kila uzi hugongwa na nyundo ndogo iliyovikwa sufu, akasema basi hiyo ni kazi ya watu wa hapa. Sauti ya Sanga ilipotoka, akaniomba mwaka. Nikamtajia. Mwaka ule alikuwa mtoto wa chuoni, na baba yake alikuwa mmoja wa Waswahili wengi wa Buyenzi waliomfuata mwanamfalme Rwagasore, kiongozi wa kudai uhuru wa Burundi. Nilikwenda kuangalia tarehe: Wabelgiji walimweka Rwagasore kizuizini tangu mwisho wa Oktoba 1960 hadi Desemba, wakati wa uchaguzi wa komuni. Uhuru Afrika ilirekodiwa katikati ya siku hizo hizo. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ikaipiga marufuku Afrika Kusini.

"Mwanangu," mzee akasema, "kumbe huko kwenye piano walikuwa wanatujua."

Tangu hapo tumesikiliza wapiga piano wengi pamoja, simu ikiwa juu ya boneti. Abdullah Ibrahim wa Cape Town amempenda kuliko wote, naye ni Mwislamu tangu 1968. Mannenberg anaitaka kila siku. Kuhusu McCoy Tyner tunagombana: mimi nasema ana nguvu, yeye anasema ana hasira. Juzi nikathubutu kumwekea Cecil Taylor, ambaye hata mimi bado ananishinda, anavyoishukia piano kwa viganja na viwiko. Mzee alisikiliza dakika mbili, mikono nyuma, kama anayesikiliza injini.

"Huyu bado anaitengeneza," akasema. "Akimaliza, uniite."