Deni la Mtafiti Chipukizi

Katika Kisii na Nyamira, kumsomesha mtoto ni jambo la ukoo mzima. Barua ya kukubaliwa chuoni ikifika, hasa ikitoka ng'ambo, kadi za harambee huchapishwa, mchungaji hufungua kwa sala, na michango husomwa hadharani pamoja na majina ya waliotoa. Nyuma ya desturi hii kuna egesangio, kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu. Aliyechangiwa, akipata kazi, hutarajiwa kumlipia karo mdogo wake.

Hesabu hiyo ni ya haki, ila huishia kwenye shahada. Mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Kisii hawezi kuitisha harambee ya kununua kemikali za maabara. Akichunguza mbegu za chinsaga, mboga iitwayo mgagani kwingineko, huenda akamaliza misimu mitatu na kukuta kwamba alichokidhania hakipo. Matokeo hayo yatamwepusha mtafiti mwingine na njia ile ile, lakini ukoo hauwezi kuyaona kama unavyoona joho la mahafali.

Pengo hili huzibwa na wakfu. Neno lenyewe ni la sheria ya Kiislamu: mali hufungwa isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake huendelea kutumika kwa wema hata mtoaji akifa. Siku hizi neno hilo hutumika pia kwa taasisi za ufadhili. Wakfu wa Kimataifa wa Sayansi, ulioanzishwa mwaka 1972 na kuwa na makao Stockholm, kwa miaka mingi uliwapa watafiti vijana wa nchi zinazoendelea ruzuku zisizozidi dola 12,000, maombi yao yakipimwa na wanasayansi wenzao. Kabla ya hapo, mwaka 1960, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki hadi Marekani. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwao, na hakuna mtoaji aliyeweza kujua kwamba angepata uzamivu mwaka 1971.

Je, ni haki kulipia maabara wakati mtoto wa mjane jirani amefukuzwa shule kwa karo? Pingamizi hili ni zito, na Waadventista, walio wengi Kisii na Nyamira, wanalielewa vyema, kwa kuwa hufundishwa kwamba mwenye mali ni wakili tu wa Mungu. Mjane ana haki ya ujirani, na haki hiyo haingoji. Lakini mkulima atakayepanda mbegu miaka thelathini ijayo naye ni jirani, ingawa hana jina la kusomwa kwenye harambee.

Ugumu zaidi uko kwa mpokeaji. Fedha za ruzuku zikiwa chini ya usimamizi wake, binamu akaja na kadi, kumnyima kunaonekana ukatili. Hata hivyo fedha hizo ni amana. Binamu ana haki katika mshahara wa mtafiti, si katika ruzuku. Aliyempa ruzuku hadai karo ya mtu. Anamdai ukweli: aandike matokeo jinsi yalivyo, hata yakimkosesha ruzuku ya pili, kisha arudi kwa wakulima waliompa vipande vya mashamba yao awaeleze kwamba mbegu haikufaa, na kwa nini.