Nani Alipe Mbuzi?

Kwetu Vurra, Uganda, malaria haitafutiwi mwenye hatia. Ugonjwa wa ajabu ndio unaotafutiwa. Dada yangu alipoanza kupata choo cheusi tii na kuishiwa damu, wazee hawakuuliza ni nini, waliuliza ni nani. Jibu walikuwa nalo: mke mwenza.

Madaktari wa Kampala walisema ni GIST, aina ya saratani iitwayo sarkoma. Huota ndani ya ukuta wa mfuko wa chakula au utumbo, chini ya utando wa ndani, ndiyo maana kinyama cha kwanza kilichonyofolewa kwa mpira wenye kamera hakikuonyesha kitu. Cha pili kilipimwa protini iitwayo KIT, nayo ikaonekana. Mwaka 1998 Hirota na wenzake huko Japani waligundua kwamba jeni ya KIT huharibika, seli zikazaliana bila kukoma. Kwa mwaka GIST huwapata watu kama 10 hadi 15 katika kila milioni. Kwa nini jeni iharibike? Kwa wengi hakuna sababu inayojulikana. Dada alipasuliwa, uvimbe ukatoka mzima, akaanzishiwa imatinib, miligramu 400 kila siku.

Swali hilo la sababu si geni kwetu. Hapa hapa Vurra, hospitali ya Kuluva, daktari Ted Williams aliandika daftarini watoto wenye uvimbe wa taya na vijiji vyao. Mwaka 1961 alifuatana na Denis Burkitt na Cliff Nelson safari ya maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali: mnao huku? Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Lakini kirusi hicho karibu kila mtoto wetu anacho. Kwa nini huyu na si yule?

Katekista anasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi husoma Maandiko kanisani, na sikubali. Huko ni kubadilisha mshitakiwa tu. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Yesu aliwaondolea wote hatia, akafanya tope kwa mate, akatibu. (Kwamba alizaliwa kipofu ili kazi za Mungu zionekane, mstari huo unanisumbua bado.) Mungu asiyenijibu namvumilia kuliko jibu linalomfukuza mwanamke asiye na kosa nyumbani kwake.

Wazee waliitisha kikao. Nikawaeleza habari za jeni. Mmoja akauliza: basi nani alipe mbuzi wa faini? Nikasema mbuzi auzwe, kliniki ijayo inataka nauli ya Kampala.