Muhogo wa Ubwari mbele ya Sheria za Ibada

Swali la chakula gani kinafaa kuingia katika ibada huonekana dogo, hadi linapoulizwa mahali ambapo watu wengi hawaishi kwa nafaka. Ubwari, rasi ndefu ya Ziwa Tanganyika iliyo karibu na mji wa Baraka katika eneo la Fizi, ambayo Richard Burton aliidhania kisiwa mwaka 1858, ni mahali pa namna hiyo. Ugali wake ni wa muhogo, zao la Brazili ambalo Wareno walilileta Afrika katika karne ya 16. Mihogo michungu hulowekwa siku kadhaa ili sumu itoke, kisha huanikwa, hutwangwa na kusongwa, ikaliwa kwa sombe, yaani majani ya mmea uleule, au kwa ndagala wa ziwani.

Katika Uislamu swali hili huibuka mwishoni mwa Ramadhani, wakati wa zaka ya fitri, ambayo ni pishi moja ya chakula, yaani vibaba vinne, inayotolewa kwa maskini. Hadithi hutaja tende, shayiri, zabibu na maziwa yaliyokaushwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Uswahilini, waliweka kanuni ya chakula kikuu cha mji, lakini wakaifunga ndani ya mazao yanayotolewa zaka ya mashamba, yaani yanayolisha na kuwekeka ghalani, na mizizi ikabaki nje. Hivyo mla muhogo wa mwaka mzima hulazimika kutafuta mchele au mahindi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliruhusu chochote ambacho watu wa mahali hukila, na hoja yake ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa fitri imekusudiwa kumwondolea maskini haja ya kuomba siku ya Idi. Tena makopa, yaani mihogo mikavu, huwekeka ghalani vizuri tu.

Wakantoni wa kusini mwa China hawana tatizo hilo la mizizi. Keki yao ya chumvi ya Mwaka Mpya hutengenezwa kwa figili nyeupe iliyokunwa, ikapikwa kwa mvuke, na heri yake imo katika jina, kwani neno lao la keki husikika sawa na neno la kuwa juu. Hata hivyo, ni unga wa mchele unaoishikanisha.

Kwa Wakatoliki jambo ni gumu zaidi. Mtaguso wa Florence wa 1439 na kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa za 1983 hutaka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano, na hata liturujia ya Zaire, iliyoidhinishwa mwaka 1988 pamoja na kuwaita wahenga, haikuugusa. Jean-Marc Ela wa Kameruni alilalamika kwamba Waafrika huabudu kwa mazao ya wengine. Lakini jibu la fitri haliazimiki hapa: Ekaristi ni ukumbusho wa usiku mmoja maalumu, ule wa karamu ya mwisho ya Yesu, na ukumbusho hufungwa na tukio lake, ingawa makanisa mengi ya Mashariki hutumia mkate uliochachuka na Kanisa Katoliki la Magharibi usiochachuka, bila kukubaliana ni kiasi gani cha usiku ule lazima kihifadhiwe. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952, walipoifikia Sala ya Bwana, hawakuandika mkate. Waliandika riziki, neno ambalo ndani yake ugali wa muhogo umo bila kuomba ruhusa.