Punje Iliyotembea

Jana jioni nilimpakata paka wetu, nikaona chini ya mkia wake kitu kama punje ya mchele. Punje ikajikunja, ikatembea. Kilikuwa kipande cha tegu, na chanzo chake ni kiroboto: paka hujilamba, akammeza, na tegu akakulia tumboni. Ndiyo maana dawa ya minyoo peke yake haitoshi. Na viroboto wengi hawako hata mwilini; mayai na mabuu yao yamo kwenye gunia analolalia. Lifue, lianike juani, fagia pembe zote.

Mbwa naye mpapase nyuma ya masikio na katikati ya vidole, ndiko kupe wanakojificha. Watoto wake huweza kuzaliwa tayari wana minyoo, hivyo dawa huanza wakiwa na wiki 2 tu.

Lakini hili nakusihi: dawa ya mbwa ya kuua viroboto na kupe yenye permethrini usimpake paka kamwe. Mbwa huistahimili, paka hutetemeka, hushikwa na degedege, huweza kufa. Muulize kwanza daktari wa mifugo, hata kama jirani amekupa chupa yake bure.