Tunakwenda kwa Nani?

Kutoka 13:17-19

Jumapili iliyopita kamati ya safari yetu ya Tywyn ilibaki kanisani baada ya ibada, ramani imetandazwa mezani katikati ya vikombe vya chai na sahani ya maandazi. Basi dogo la viti 16 limepatikana, na dereva tunaye. Kitu cha kwanza tulichokagua hakikuwa hali ya hewa, kilikuwa ratiba ya Uwanja wa Wembley. Mkazi wa Wembley anajua kwamba siku ya mechi au tamasha gari halitoki wala haliingii. Tukapata Jumamosi moja tulivu.

Ubishi ukaja kwenye njia. Vijana wanataka M1, halafu M6, tufike upesi. Mimi nikasema tuifuate A5, ile ile Edgware Road ambayo wengine wenu mnaipita kila siku kwenda kazini Cricklewood. Ni njia ya Warumi. Karne ya 19 mhandisi Thomas Telford aliitengeneza upya hadi bandari ya Holyhead, akavusha watu baharini kwa daraja la kuning'inia la Menai, lililofunguliwa mwaka 1826. Ukikaa nayo bila kukata tamaa inakupitisha Llangollen na kukuingiza milimani Betws-y-Coed. Nikajitetea kwa andiko letu la leo: ilikuwapo njia fupi ya kutoka Misri, ya kupita kwa Wafilisti, na Mungu hakuwapitisha Waisraeli hiyo. Kijana mmoja akanijibu, “Mchungaji, hao walichukua miaka 40.” Kamati yote ikacheka, nami nikanywa chai yangu.

Basi tukakubaliana nusu kwa nusu. Kutoka Betws-y-Coed tutashuka kusini tukipita Eryri, penye mlima Yr Wyddfa wenye mita 1,085 (Wachagga naomba msicheke). Tutakata msitu wa Coed y Brenin, yaani Msitu wa Mfalme, uliopewa jina hilo mwaka 1935 kwa heshima ya George wa Tano. Kutoka Dolgellau tutaifuata barabara ya pwani, mlima upande wa kushoto, bahari upande wa kulia, mpaka Tywyn.

Hapo ndipo mama mmoja, aliyekuwa kimya muda wote akikusanya vikombe, akauliza, “Na huko tunakwenda kwa nani?”

Hakuna aliyemjibu. Tulimweleza habari za milima, naye akatikisa kichwa kwa adabu na kuuliza tena: “Nimesikia, baba. Lakini kwa nani?”

Nimeondoka na swali hilo na limenikalia wiki nzima. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mtu husafiri kwenda kwa mtu. Kuna mgonjwa, kuna harusi, kuna msiba, kuna mtoto amezaliwa. M1 yenyewe tumeijua kwa misiba ya Leicester na Coventry, tukirudi usiku wa manane na masufuria matupu kwenye buti. Mimi nimekulia Lushoto. Utotoni nimeshuka milima ya Usambara mpaka Mombo na kwenda Tanga mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mlima, msitu na bahari kwa siku moja, na sikumbuki kama niliwahi kutazama dirishani. Nilikuwa nimeshika kikapu cha kuku katikati ya magoti, jicho langu liko kwenye kamba isifunguke. Kuku alikuwa wa shangazi.

Alhamisi nilikwenda Ealing Road kununua muhogo. Mwenye duka ni Mhindi wa Jinja, Uganda, na Kiswahili chake bado kina vumbi la Jinja. Akaniuliza habari za kanisa, nikamtajia safari. Nilipofika kwenye Tywyn akaacha kupima.

“Tonfanau,” akasema. “Iko pale pale, karibu.”

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Walioletwa Uingereza bila pa kwenda waliwekwa kwenye kambi za muda, na mojawapo ilikuwa kambi ya zamani ya jeshi huko Tonfanau, ufukweni kabisa, kaskazini kidogo ya Tywyn. Mwenye duka alikuwa na miaka minane wakati huo. Alinisimulia upepo wa baharini ulivyopenya mbao usiku, na mama yake alivyovaa koti kubwa la kiume, la kupewa, juu ya sari, akafunga kamba kiunoni. Bahari ile, alisema, ilikuwa ya kwanza kuiona maishani, na aliiogopa kwa sababu haikuwa na ng'ambo. Ziwa wao walilijua.

“Milima uliiona?” nikamuuliza.

“Milima? Mzee, tulikuwa tunatafuta barua.”

Nimerudi kusoma andiko letu, na nimeona nililisoma nusu. Nililiishia pale penye njia ndefu kwa sababu ndipo paliponisaidia kushinda ubishi wa barabara. Lakini Mungu hakuwazungusha wale watu ili waone mandhari. Aliwazungusha kwa kuwa aliijua hofu yao, kwamba wakikutana na vita wangegeuka na kurudi Misri. Na mstari wa 19, ambao huwa tunauruka tukikimbilia Bahari ya Shamu, unasema Musa aliibeba mifupa ya Yusufu. Hebu wafikirie: wametoka kwa haraka, unga haujapata kuumuka, kila mtu ana mzigo wake na watoto wake, na bado mtu mmoja amekumbuka jeneza la marehemu wa miaka mingi, kwa sababu waliapishwa. Kuna ahadi ndani ya mizigo.

Kambi ya Tonfanau sasa ni magofu. Kituo cha treni bado kipo, na treni husimama ukimpungia dereva mkono. Nimemwomba dereva wetu tusimame hapo kwanza, kabla ya kwenda kula Tywyn, na vijana wamekubali bila ubishi.

Tulikuwa tumeandikisha watu 15. Mwenye duka alipomaliza kufunga muhogo wangu aliniuliza kama basi limejaa. Nikamwambia tunaondoka saa 11 alfajiri, na kwamba ni basi la kanisa, njia nzima tutaimba. Akasema nyimbo hazimsumbui, ila yeye hukaa mbele kwa sababu ya magoti.

Mama wa vikombe nimempigia simu kumweleza. Akaniuliza huyo mgeni anakula nyama au hali.